Anti, modeli ya ofisi imebaki mgongoni mwangu na sasa Mzee anataka turudi AutoCAD

BARUA

Habari Anti, natumai uko salama huko Nakuru. Naandika hii saa tano usiku nikiwa bado ofisini hapa Milimani, Kisumu, wenzangu wameenda nyumbani kitambo na mimi nangoja faili ifunguke, so univumilie nikirukaruka.

Mimi ni msaidizi wa msanifu majengo, niko na miaka 29 na huu ni mwaka wangu wa tano kwa hii ofisi. Tuko watu sita. Mwenye ofisi ni Mzee wetu, ndiye msanifu aliyesajiliwa, ako na miaka sitini na kitu, mtu mzuri sana, karibu kila kitu ninachojua kuhusu saiti ni yeye alinifunza. Miaka miwili iliyopita nilimsumbua mpaka akakubali tuache AutoCAD, ile programu ya kuchora mistari tu, tuanze Revit, ambayo unajenga jengo lote kwa modeli moja ya kompyuta. Nilijifunza mwenyewe kwa video, usiku, na bando zangu. Kazi ya kwanza ilikuwa nyumba ya mtu huko Riat na ilienda vizuri ajabu, nikibadilisha dirisha moja linabadilika kwa plani, kwa sekisheni na kwa jedwali la madirisha, Mzee akaita ofisi nzima waje waone. Tangu siku hiyo kila kitu cha Revit ni "muulizeni yeye". Printa ikikataa ni mimi. Ukuta ukipotea ni mimi. Na michoro yangu mwenyewe bado inatakiwa iishe Ijumaa kama ya kila mtu.

Sasa tuko na hosteli ya ghorofa 4, njia ya kwenda Maseno. Hatuna seva, kwa hivyo modeli tuliweka kwa folda ya mtandaoni, ile inajipeleka yenyewe kwa kila kompyuta, na tunaifanyia kazi watu watatu. Asubuhi unakuta faili mbili zenye jina moja, nyingine imeandikwa ni kopi yenye mgongano, hujui ya kweli ni ipi. Imefika MB 780. Kuifungua ni dakika 25. Na tangu tuingize ramani ya saveya, mistari inatetemeka ukiisogelea, hata kushika kona ya ukuta ni shida.

Mwezi wa pili mwenye kazi alitaka mapokezi yaongezwe, nikasogeza ngazi mm 900. Wiki hiyo hiyo kijana wetu wa atachimenti, mwanafunzi anayejifunza kazi kwetu, akafungua modeli kwa kompyuta yenye Revit 2025, akasevu. Injinia wetu ako huko Nakuru na anatumia 2023. Nikamtumia modeli, akanijibu kwa WhatsApp "haifunguki, nitumie ya toleo la chini". Nilitafuta jinsi ya kuirudisha chini nikakosa. Nikamtumia PDF, halafu kukawa na mambo ya kaunti na mambo mengine, na yeye akaendelea na ile modeli yake ya zamani.

Anti, bimu, ile boriti ya zege, imemwagwa kufuata mahali ngazi ilikuwa zamani. Na ngazi imemwagwa mahali pake papya. Mbao zilipotolewa, msimamizi wa saiti akasimama hatua ya nne akapima hadi chini ya bimu, akapata mita 1.78. Alinitumia picha. Ameshika tepu kwa mkono mmoja na kofia yake ya saiti inagusa zege. Hiyo picha siwezi kuifuta na siwezi kuiangalia.

Fundi anasema ni kitu kidogo, atachonga bimu sentimita 15, apige plasta, hakuna mtu atajua. Mzee hajamjibu bado. Kile alisema, mbele ya wote, ni kwamba hii Revit yetu imemgharimu, leseni ikiisha mwezi wa saba hatalipa tena, turudi AutoCAD ambayo haina maneno. Na hiyo leseni ni moja tu, kompyuta ya pili iko na leseni ya wanafunzi, ya tatu kuna mtu alituwekea na flashi.

Mimi nilimfokea yule kijana mbele ya watu, nikamwambia ameharibu kazi ya miezi sita. Hajakuja kazini siku mbili.

Kuna ofisi Nairobi imeniita, mshahara ni mzuri kuliko huu. Niende ama nikae? Na hii modeli niifanye nini?

Mchovu wa Milimani, Kisumu


JIBU

Binti yangu, pole. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale kwa tepu nikakaa kidogo.

Kwanza kabisa, kabla ya Revit na Mzee na Nairobi: hiyo bimu isiguswe. Mpigie msimamizi wa saiti leo, usingoje kesho, umwambie fundi aweke nyundo chini. Bimu ikibeba mzigo, juu inabanwa na chini inavutwa, na zege linavumilia kubanwa lakini kuvutwa haliwezi, ndio maana vile vyuma vinene vimelazwa huko chini na vimefunikwa na zege la mm 25 au 30 hivi. Sentimita 15 za fundi hazikwaruzi plasta, zinapita hivyo vyuma na ringi zake zote na kuviacha juu. Halafu unaweka juu yake sakafu tatu za watoto wa watu wamelala. Mpigie injinia simu, sio WhatsApp, ongea naye kwa sauti mpaka aelewe, kisha umwandikie barua pepe yenye ile picha na vipimo, Mzee awe kwa kopi. Kama ni kuvunja ngazi na kuirudisha, kama ni njia nyingine, injinia ndiye ataamua na ataweka sahihi. Kuvunja ngazi kunauma, najua, lakini ngazi inamwagwa tena. Na mita 1.78 haiwezi kubaki hivyo, sisi tulifunzwa juu ya ngazi usishuke chini ya mita 2, na kwa hosteli watu wanapanda wakikimbia, wengine wamebeba magodoro.

Haya. Sasa tuongee.

Mimi nilianza kazi kwa ubao wa kuchorea, kalamu ya wino na tresing, ukikosea mstari unaukwangua na wembe polepole usitoboe karatasi. Nadhani Mzee wako alianzia huko pia, kwa hivyo hiki nakuambia yeye anakijua kuliko wewe, ni vile tu hajakiona kwa kompyuta. Kwa ofisi yetu kulikuwa na kabati moja la droo ndefu, na ndani ndio karatasi asili zilikaa. Hukuwa unachukua asili ukaenda nayo saiti. Hukuwa unaipeleka kwa injinia. Unachapisha kopi, ile ilikuwa inanuka amonia mpaka macho yanatoa machozi, na kopi ndiyo inatembea. Asili ikibadilishwa, kuna daftari: tarehe, herufi ya marekebisho, nani amebadilisha, nani amepewa kopi mpya. Na kulikuwa na mtu wa hilo kabati. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake na hata mwenye ofisi alikuwa anaomba. Kutunza kabati ilikuwa kazi yake, inahesabiwa, analipwa, hakuna mtu alimwambia amalize plani zake halafu atunze kabati usiku.

Modeli yenu ni hilo kabati. Na kwa ofisi yenu kabati liko barabarani, halina mlango, halina daftari, na ikiibiwa karatasi mnamuuliza binti mmoja ambaye hakuwahi kupewa ufunguo. Hicho ndicho kilimwaga bimu mahali si pake, wala si Revit. AutoCAD ingefanya vile vile: ungesogeza ngazi, ungetuma PDF, ungeshikwa na mambo ya kaunti, injinia angeendelea na mchoro wa zamani. Tumeona bimu zimekosa ngazi kutoka enzi za wembe.

So tuanze na hiyo folda ya mtandaoni, kwa sababu itawaua. Revit mkiwa wengi inafanya kazi hivi: kuna faili kuu moja, na kila mtu anafanyia kazi kopi yake, na faili kuu ndiyo inajua nani ameazima ukuta gani saa hii ili mwingine asiuguse. Folda ya kujipeleka haijui hayo maneno ya kuazima. Yenyewe inaona faili imebadilika hapa na imebadilika pale, inahifadhi zote mbili, na hapo ndipo zile kopi za mgongano zinatoka. Itoeni huko. Chagueni kompyuta moja ya ofisi, hata kama si mpya, iwe na diski nzima na UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta stima ikienda, iunganishwe na zingine kwa waya na sio kwa waifai, faili kuu ikae hapo. UPS usiiache, wewe unaishi Kisumu, unajua vile radi za jioni kutoka ziwani zinafanya stima, na stima ikikatika mtu akiwa katikati ya kusinki, yaani kurudisha mabadiliko yake kwa faili kuu, mnaweza kulia. Kila asubuhi kila mmoja anatengeneza kopi mpya ya siku, ya jana anaiacha. Anasinki saa nne, saa saba kabla ya chakula, na jioni kabla ya kutoka, na mkiwa watatu mnaambiana "nasinki" ili msigongane mlangoni. Hakuna mtu anafungua faili kuu yenyewe kwa kuibonyeza mara mbili. Hakuna, hata Mzee. Ile folda ya mtandaoni ibaki, lakini ya bakapu na ya kutumia watu kopi.

Nikija kwa kijana wenu. Ukibonyeza faili mara mbili, kompyuta inaifungua na Revit iliyoko hapo, na kama ni ya mwaka wa mbele inaipandisha toleo, na ukishasevu hakuna kurudi nyuma, hakuna kitufe cha kuishusha, hujakosa kwa sababu hujui, umekosa kwa sababu hakipo. Yeye alifanya kile kila mtu hufanya na faili yoyote duniani. Nani alimwambia asifungue ile kuu? Kulikuwa na karatasi mahali imeandikwa kazi hii ni ya 2023? Najua jibu kwa sababu ofisi nyingi nimeingia jibu ni hilo hilo.

Lakini angalia vile siku ile mngeokoka. Nakuandikia taratibu hapa kwa sababu itatokea tena na mtu mwingine. Kuna njia mbili na zote hazina gharama. Ya kwanza, injinia akiwa analipia leseni yake kama inavyotakiwa, akaunti yake inamruhusu kuweka toleo jipya na matatu ya nyuma, na yanakaa kwa kompyuta moja bila kugombana. Angeshusha 2025 jioni hiyo akafungua. Ya pili, ungetoa modeli yako kwa IFC. Hiyo ni lugha ya kubadilishana modeli ambayo haina mwenyewe, ni kiwango cha kimataifa, ISO 16739, na Revit ya 2023 ingeiunga tu kama kiungo ndani ya modeli ya injinia. Asingeweza kubadilisha ngazi yako, sawa, na hakuhitaji kuibadilisha, alihitaji kuiona. Angeiona imesimama mm 900 nje ya bimu yake, na ukikata sekisheni hapo, bimu inaning'inia juu ya hatua ya nne kama ilivyo sasa kwa saiti, tofauti ni kwamba kwenye kompyuta unaisogeza bila nyundo. PDF haigongani na kitu. Mtu anaifungua kwa simu akiwa kwa matatu, anaona ni ngazi, anafunga.

Kwa hivyo kabla ya kazi nyingine yoyote kuanza, kaeni wasanifu, injinia na QS, yule wa kukadiria gharama, hata kwa chai, muandike ukurasa mmoja. Ofisi kubwa wanaita mpango wa utekelezaji wa BIM, yaani kufanya kazi kwa modeli za pamoja, na unaweza kuwa kurasa 60, nyinyi hamuitaji hizo. Andikeni toleo la Revit na kwamba hakuna anayepanda mpaka wote wapande siku moja. Andikeni majina ya faili. Andikeni siku ya kubadilishana modeli, mimi napenda Alhamisi kwa sababu Ijumaa inabaki ya kurekebisha. Na mtenge folda nne, hii nimeitoa kwa ISO 19650 ya 2018 na ndiyo kitu kimoja humo ningekulazimisha kushika: kazi inayoendelea, kilichoshirikiwa, kilichotolewa rasmi, na kumbukumbu. Injinia hachukui kitu kwa folda ya kazi inayoendelea, hata umpende namna gani. Anachukua kwa kilichoshirikiwa, chenye tarehe, na pembeni kuna daftari la mistari miwili: ngazi imesogezwa mm 900 kuelekea mashariki, angalia bimu. Huo mstari mmoja. Ungekuwepo, tusingekuwa tunaandikiana.

Mistari kutetemeka. Hii ni raha kuieleza kwa sababu ukishaijua haikusumbui tena. Saveya anapima kwa mfumo wa UTM, ule wa ramani unaotaja mahali kwa mita, na Kisumu mko kanda ya 36 kusini, mko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hivyo namba ya kaskazini inakaribia mita milioni 10 na ya mashariki ni karibu laki 7. Mtu akiingiza ramani yake na namba hizo zilivyo, na mkachora jengo juu yake, jengo linakaa maelfu ya kilomita kutoka kitovu cha Revit, pale sufuri yake ilipo, na Revit inataka kila kitu unachochora kikae ndani ya kilomita 16 kutoka hapo kitovuni. Ukitoka nje ya hapo hesabu zake zinaanza kukosa usahihi na ndio unaona kutetemeka. Dawa ni kuacha jengo karibu na kitovu. Ramani ya saveya iunge kama kiungo, katikati kwa katikati, isogeze wewe ikutane na jengo kwa bikoni na uizungushe mpaka mipaka ikae, uifunge kwa pini, halafu uiambie modeli ichukue koodineti kutoka kwa hiyo ramani. Jengo halisogei, ni namba tu zinahamia. Injinia naye anachukua kutoka kwenu. Tangu hapo modeli zote zinaingiliana zenyewe na hakuna mtu anasukuma kitu kwa macho na mausi.

Uzito wa MB 780 kwa hosteli ya ghorofa nne ni takataka, usiogope neno, kila modeli isiyo na mtunzaji inakuwa hivyo. Ningebashiri michoro ya AutoCAD iliyoingizwa badala ya kuungwa, na mingine ikalipuliwa mistari maelfu. Na vitanda na sinki zilizoshushwa mtandaoni zikiwa na kila skurubu, halafu mara vyumba vyote. Niliwahi kukuta choo, kimoja, chenye mpaka nati za tangi zimechorwa na nyuzi zake. Chukua faili yenu nzuri, ifungue ikiwa imetenganishwa na ile kuu na uweke tiki ya Audit ili ijikague, futa hiyo michoro, weka vitanda rahisi, tumia Purge ifute visivyotumika, halafu fungua ile orodha ya maonyo na uanze kuyamaliza, kuta zinazolaliana, vyumba visivyofungika. Sevu kama faili kuu mpya kwa ile kompyuta ya waya. Halafu kila wiki irudie kidogo, saa moja. Na kama kuna kompyuta ya RAM ya giga 8 hapo, hiyo ni ya barua pepe, ya Revit ianzie 16, ikiwezekana 32.

Leseni nitasema wazi, sitazunguka. Ile ya flashi itoke wiki hii. Sio tu ni wizi kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, ni kwamba hujui ni nini kingine kiliingia na hiyo flashi kwa kompyuta inayobeba kazi za wateja wenu. Ile ya wanafunzi ni ya kusomea, haifai kwa kazi ya kulipwa. Najua bei ni kali kwa ofisi ya watu sita, na tangu 2016 Autodesk, wenye Revit, waliacha kuuza leseni mpya za kununua mara moja ukae nayo, ni kulipa mwaka hadi mwaka. Sasa hesabu na Mzee ni wangapi kweli wanachora modeli. Kama ni wawili, lipeni mbili, wa tatu aangalie na kupima kwa programu ya bure ya IFC. Kuna Revit LT ya bei ya chini lakini hairuhusu watu wawili kwa faili moja, so hiyo ni ya mtu anayefanya peke yake. Kuna FreeCAD ambayo ni bure kabisa na inasoma IFC, ijaribuni kwa kibanda cha mlinzi, sio kwa hosteli.

Mzee. Usiende kumtetea Revit. Yeye amekasirika kwa sababu jina lake ndilo liko kwa ubao wa saiti, na bimu ikianguka bodi ya wasanifu haitamuuliza kijana wa atachimenti, itamuuliza yeye. Hiyo hasira ni ya haki. Enda na ile picha ya tepu, enda na modeli imekatwa sekisheni pale pale, ziweke pamoja mezani, umwambie Mzee, hii ngazi tulikuwa nayo kwenye kompyuta wiki kadhaa kabla zege halijamwagwa, hakuna mtu alikuwa na kazi ya kuhakikisha injinia ameiona. Muulize kuhusu kabati. Muulize nani alikuwa anashika ufunguo zamani. Usimhutubie mambo ya Uingereza kulazimisha BIM kwa miradi ya serikali tangu 2016, ni kweli lakini hayamhusu asubuhi hiyo.

Halafu omba vitu vitatu na uviombe kwa sauti ya kawaida. Omba masaa: nusu siku kila wiki ya kutunza modeli, ihesabiwe ni kazi, na michoro yako ipunguzwe kwa kiasi hicho. Omba amri: ukisema hakuna anayepandisha toleo, iwe hivyo, hata yeye akiwa na haraka. Na omba mtu wa pili afunzwe, ili ukiugua malaria siku tatu ofisi isisimame. Wengi tunasahau hiyo ya tatu, tunapenda kidogo kuwa yule pekee anayejua, na hapo nakuuliza na wewe ujiulize. Umeandika "muulizeni yeye" kama malalamiko na naamini ni mzigo. Lakini miaka miwili, umemwandikia nani hata karatasi moja ya jinsi ya kufungua faili?

Kuhusu Nairobi, sioni ukienda mwezi huu. Ukiondoka na hiyo ngazi ikiwa vile, utaibeba mpaka huko, na ofisi ya Nairobi itakupa modeli nyingine isiyo na mwenyewe na utaanza usiku mwingine. Maliza hosteli, ngazi irekebishwe na sahihi ya injinia iwekwe, faili ihamie kwa waya. Uwape miezi mitatu na yale matatu uliyoomba. Mzee akikupa, kaa, kwa sababu mtu aliyekufunza saiti na anayekubali kukusikiliza si rahisi kumpata, na Kisumu inajengwa sana sasa. Akikataa yote, andika barua ya kuondoka vizuri, mwachie folda zikiwa zimepangwa, uende na moyo mweupe. Waambie Nairobi ukweli, wakikutaka watangoja kidogo.

Kijana wa atachimenti mpigie leo hii ukimaliza kuongea na saiti. Mwambie hakuharibu kazi ya miezi sita, mlimpa kompyuta bila kumwambia kitu. Ulimfokea mbele ya watu, kwa hivyo akirudi msamaha pia uwe mbele ya wale wale. Kisha yeye ndiye umfunze kuwa mtu wa pili, mwanzishe na kazi ya kuandika ile karatasi ya toleo na kuibandika juu ya kila kompyuta. Nakuhakikishia hatafungua faili vibaya tena maisha yake yote.

Niandikie injinia akishasema kuhusu bimu.

Anti, Nakuru